Tuanzie wapi kuwaandaa wagonjwa wa mashine ya kusafisha damu kwa ajili ya kupandikizwa figo?

Muuguzi_wa_Zamu aliuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu cha hospitali moja iliyo mbali na Kampala, na naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita.

Kuna mgonjwa wetu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 34, ambaye amekuwa akija kwenye mashine mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja na nusu. Siku moja mwezi huo, nilipokuwa nikimwekea sindano kwenye fistula, yaani mishipa ya mkononi iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, aliniuliza kama ni kweli kwamba siku hizi Hospitali ya Mulago, kule Kampala, wanapandikiza figo. Nikamjibu kwamba ni kweli, kwamba upandikizaji wa kwanza ulifanyika pale Desemba 2023, mwaka uleule ambao sheria ya nchi kuhusu uchangiaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu ilianza kuwepo, na kwamba kabla ya hapo Waganda waliohitaji figo walilazimika kusafiri, wengi wao hadi India. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu akikaa na mwanafunzi mwaka mzima na nusu bila kumwambia kuna mtihani, lawama ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tunafundisha, ila tunafundisha vibaya. Mgonjwa anapoletwa kwa mara ya kwanza tunamweleza siku hiyohiyo kiasi cha maji anachoruhusiwa kunywa, jinsi ya kuchemsha matoke na viazi na kumwaga maji yake ili kupunguza potasiamu, jinsi ya kuulinda mkono wenye fistula, tarehe za kurudi, na mwishoni kabisa, ikiwa gari halijafika, tunataja upandikizaji kwa sentensi moja. Wakati huo mtu anatapika, kichwa chake ni kizito kwa sababu ya sumu zilizojaa kwenye damu, na mke wake analia nje kwenye benchi. Halafu tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelimishwa.

Sasa mkuu wa kitengo amekubali nianzishe mafunzo yanayostahili kuitwa mafunzo. Ningependa yawe kwa Kiswahili, kwa sababu chumbani mwetu amelala Mlugbara karibu na mtu wa kabila la Baganda, na kando yao yupo askari mstaafu kutoka Gulu, na hicho ndicho wanachosalimiana nacho. Je, nianze na nani, mgonjwa au jamaa zake? Nianze lini? Na wale ambao tayari najua kwamba hawatafaa kwa upasuaji, au hawana uwezo wa kuugharamia, niwaambie au niwapite? Ningefurahi zaidi kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii wenyewe.

Figo_ya_Tatu alijibu:

Dada muuguzi, jina langu la hapa jukwaani ndilo somo langu la kwanza. Nilipandikizwa nchini India mwaka 2017 baada ya miaka miwili ya mashine, na mpaka naingizwa chumba cha upasuaji niliamini kwamba wangeniondolea figo zangu mbili mbovu na kuweka mpya mahali pake. Niliamka na kidonda chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na kinena, nikadhani wamekosea. Kumbe figo mpya huwekwa hapo kwa kuwa mishipa mikubwa ya damu na kibofu viko karibu, na zile za zamani kwa kawaida huachwa zilipo isipokuwa kuna sababu maalumu ya kuzitoa. Kwa hiyo natembea na figo tatu, na inayofanya kazi ni moja. Nacheka sasa, lakini siku ile sikucheka.

Ninalotaka kukuomba ni kwamba usiwafundishe watu upasuaji. Upasuaji ni saa chache, na mgonjwa amelala usingizi. Wafundishe maisha yanayoufuata. Mimi niliandaliwa kwa ajili ya safari kama mtu anayeandaliwa kwenda hija: pasipoti, viza, fedha, maombi ya kanisani. Hakuna aliyeniandaa kwa ajili ya mwezi wa sita baada ya kurudi nyumbani, ambapo mwili una nguvu, hamu ya chakula imerudi, watu wamekwisha kuzoea kukuona mzima, na wewe peke yako ndiye unayekumbuka kwamba saa mbili asubuhi na saa mbili usiku lazima umeze dawa za kuzuia mwili usiikatae figo. Kinga ya mwili haisahau, haizoei. Ukiacha dawa kwa kuwa unajisikia vizuri, inaanza kuishambulia figo kimyakimya, bila maumivu, na kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo ikishindwa kazi, ndiyo inayokuja kukuambia.

Nitakupa kisa changu mwenyewe. Nikiwa nimerudi Uganda, nilikuwa nikienda kupima kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, katika damu. Kipimo hicho kina maana kinapochukuliwa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, yaani saa 12 hivi baada ya dozi ya jioni, ili kionyeshe kiwango cha chini kabisa. Mimi nilikuwa nameza dawa zangu nyumbani saa mbili kamili, kwa uaminifu mkubwa, kisha napanda taksi kwenda kutolewa damu saa nne. Majibu yakawa yanatoka juu. Dozi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Hakuna aliyeniuliza nimemeza saa ngapi, na mimi sikujua kwamba ni swali. Kreatinini ilipoanza kupanda ndipo mhudumu mmoja wa maabara akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Mzee, leo umekwisha kunywa dawa?" Swali hilo moja liliokoa figo yangu. Wafundishe hilo wakiwa bado kwenye mashine, wakati wana saa nne za kukusikiliza na hawana pa kukimbilia.

Hesabu niliyoipenda nilifundishwa na mgonjwa mwenzangu, wala si daktari. Wiki ina saa 168. Mtu anayesafishwa damu mara mbili kwa saa nne amefanyiwa kazi ya figo kwa saa 8. Aliyebahatika kupata mara tatu, saa 12. Figo nzima hufanya kazi saa zote 168, na zaidi ya kuchuja, inasaidia kutengeneza damu na kuimarisha mifupa, mambo ambayo mashine haiyawezi. Mueleze mwalimu wako hivyo, ataelewa haraka.

Dada_Mchangiaji alijibu:

Nimemtolea kaka yangu figo, kwa hiyo nitaongea kutoka upande ambao mara nyingi unasahaulika. Unauliza uanze na mgonjwa au jamaa. Dada yangu, kwetu mgonjwa hawezi kuomba figo. Inaanzaje? Utamwambia ndugu yako nipe kiungo cha mwili wako, wakati ada za watoto wake ulishindwa kumsaidia? Kaka yangu alikaa na habari ile miezi saba bila kutufumbulia. Wazee husema mgonjwa haulizwi uji, na huenda kwa uji ni kweli, lakini katika jambo hili mgonjwa asipoulizwa anachokitaka na akasaidiwa kulisema, atakaa kimya mpaka afe.

Kilichotusaidia ni kwamba muuguzi mmoja alikuja nyumbani siku ya Jumapili, tulipokuwa tumekusanyika baada ya ibada. Hakuja kuomba figo. Alikuja kueleza ugonjwa, akajibu maswali, akala posho, yaani ugali, na maharagwe pamoja nasi, akaondoka. Shangazi yetu aliuliza kama mtu mwenye figo moja anaweza kuzaa. Mjomba aliuliza kama mchangiaji atakufa akiwa kijana. Mdogo wetu wa mwisho aliuliza, kwa aibu, kama mwanamume atapoteza nguvu. Haya si maswali ambayo mtu angeyauliza kwenye korido ya hospitali. Ninyi mnaofundisha wanaozungumza Luganda msisahau kwamba katika lugha hiyo neno *ensigo* ni figo na vilevile ni mbegu. Mwanamume akisikia anaombwa *ensigo*, akili yake inaweza kwenda kusikokusudiwa.

Majibu tuliyopewa yalikuwa ya kweli, na ukweli huo ndio uliotufanya tuamini. Hakusema kwamba hakuna hatari. Alisema kwamba takwimu za muda mrefu za Marekani zilionyesha vifo takriban 3 katika kila wachangiaji 10,000 kutokana na upasuaji, kwamba figo inayobaki hukua kidogo na kuongeza kazi yake, kwamba mwanamke anaweza kubeba mimba baadaye ingawa atahitaji kuangaliwa shinikizo la damu kwa karibu zaidi, na kwamba mchangiaji atapaswa kupimwa shinikizo, kreatinini na protini katika mkojo kila mwaka maisha yake yote. Akatusimulia pia habari za Ronald Herrick, aliyempa figo pacha wake Richard mjini Boston tarehe 23 Desemba 1954, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu. Ronald aliishi na figo moja hadi mwaka 2010, akafariki akiwa na miaka 79. Mjomba alipiga hesabu kwa vidole, akaacha kuuliza.

Ila kuna jambo hatukuelezwa, nalo linaonekana dogo. Niliambiwa nisibebe kitu kizito kwa wiki sita. Sawa. Nani angebeba jerikeni? Nyumbani kwangu maji yanatoka kisimani, jerikeni ni ya lita 20, na mimi ndiye niliyekuwa nikichota, nikilima, nikimbeba mtoto wa mwisho. Mume wangu alikuwa safarini. Wiki ya pili nilibeba, nikaumia, nikarudishwa hospitali. Mnapomwandaa mchangiaji, muulizeni maji yake yanatoka wapi, na nani ataingia shambani badala yake. Mpangieni hilo kabla ya kumpangia tarehe.

Na jambo la mwisho: niliitwa peke yangu chumbani, bila kaka, bila mama, nikaulizwa kama nimelazimishwa. Nikaambiwa kwamba naweza kujiondoa hata asubuhi ya upasuaji, na kwamba wakati huo familia itaambiwa tu kuwa nimeonekana sifai, bila maelezo zaidi. Mlango huo ulipofunguliwa ndipo nilipojua kwamba kweli nataka kutoa. Kabla ya hapo sikuwa na uhakika kama ni mimi ninayetaka au ni macho ya mama.

Mzee_wa_Busia alijibu:

Ninawaheshimu nyote mliotangulia, lakini naona mnazungumza kama watu waliokwisha kuvuka mto. Mwanangu yuko kwenye mashine mwaka wa tatu. Nimeuza ng'ombe, nimeuza kiwanja, na bado kila wiki kuna nauli, kuna chakula cha msindikizaji, kuna kipimo ambacho mashine ya hospitali imeharibika hivyo tukakifanye nje. Halafu anakuja kijana mwenye koti jeupe kumweleza mwanangu uzuri wa kupandikizwa. Tangu siku hiyo mtoto halali. Kila jioni anapiga hesabu. Kumfundisha mtu njia ya mji ambao hana nauli ya kuufikia, hiyo ni elimu au ni adhabu?

Na nitasema lingine, hata kama halipendezi. Baada ya mafunzo hayo, mtu alinijia sokoni, akaniambia anaweza kunitafutia mtu wa kuuza figo, nitoe tu fedha za kuanzia. Nilikaribia kukubali. Mliamsha hamu, hamkuweka ulinzi. Muuguzi, kabla hujaanza, fikiria wanaobaki.

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa safari hiyo ndefu. Swali lako ndilo lililonifanya nisite kwa mwaka mmoja na nusu mbele ya yule mwalimu, ijapokuwa nilijiambia kwamba ni uchovu. Nilikuwa nikichagua kimoyomoyo: huyu ana jamaa mwenye kazi nzuri, nitamweleza, huyu anakuja na bodaboda ya mkopo, nitamwacha. Hakuna aliyenipa mamlaka hayo. Hata hivyo sijui nimweleze vipi mtu kama mwanao bila kumvunja. Wataalamu mliomo humu, tafadhali.

Tabibu_wa_Mikojo alijibu:

Mzee amegusa penye kidonda, na sitajaribu kukifunika. Nimefanya kazi na wagonjwa wa figo kwa miaka mingi, na nimewaona waliojeruhiwa na tumaini lililotolewa ovyo. Lakini tazameni jinsi alivyosimulia: kijana mwenye koti jeupe alikuja akaeleza *uzuri* wa upandikizaji, kisha akaenda zake. Hakueleza gharama kabla na baada, hakueleza nani anafaa, hakueleza kwamba sheria ya Uganda inakataza kuuza na kununua viungo, hakurudi wiki iliyofuata kuona maneno yake yamezaa nini. Hiyo haikuwa elimu, mzee. Ilikuwa matangazo. Na dalali wa sokoni anastawi hasa pale ambapo mtu amesikia nusu ya habari: anajua kwamba figo inaweza kuhamishwa, lakini hajui kwamba damu ya mchangiaji na ya mpokeaji lazima zijaribiwe pamoja, kwamba mchangiaji atahojiwa peke yake, na kwamba aliyenunuliwa ana kila sababu ya kuficha ugonjwa wake. Anayeyajua hayo atamuuliza dalali maswali matatu tu, na dalali ataondoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa muuguzi ni kwamba mwambie kila mtu, lakini si kwa maneno yaleyale wala kwa siku moja. Mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika sana, au mwenye saratani ambayo bado inatibiwa, ana haki ya kujua kwamba njia hii ipo na kwa nini kwake imefungwa, ili asiendelee kudhani kwamba wenzake wanapendelewa. Na asiye na fedha leo anaweza kujilinda ili mlango ukifunguliwa kesho usimkute amekwisha kuharibika. Hapa ndipo elimu inapokuwa na faida ambayo haihitaji shilingi nyingi, na niruhusuni nikae hapa kidogo kwa sababu naona mara nyingi panarukwa.

Chukueni suala la kuongezewa damu. Wagonjwa wetu wengi wana upungufu wa damu, sindano za erithropoietini, zinazousaidia mwili kutengeneza damu, hazipatikani kila mara, na ni rahisi kumwongezea chupa moja, kisha nyingine mwezi ujao. Kila chupa inaleta chembe za mtu mwingine, na mwili unaweza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi yake. Siku akipatikana ndugu wa kumpa figo, kingamwili hizo zinaweza kuikataa figo ya ndugu huyo hata kama makundi ya damu yanalingana. Hali hiyohiyo inaweza kumpata mwanamke kutokana na mimba alizobeba, na ndiyo maana wakati mwingine mke hawezi kupokea figo ya mumewe au ya mtoto wake mwenyewe. Sisemi mgonjwa anayekaribia kufa kwa kukosa damu anyimwe. Nasema kwamba mgonjwa anayejua hili atameza vidonge vyake vya madini ya chuma, atauliza kama kuna njia nyingine kabla ya chupa, na muuguzi anayejua hili hataagiza damu kwa mazoea.

Vivyo hivyo meno yaliyooza yang'olewe mapema, kwa kuwa uchafu unaovumilika leo unaweza kuwa hatari kinga ikishushwa. Kifua kikuu kitafutwe na kutibiwa kabla. Chanjo ya homa ya ini aina B itolewe na kiwango cha kinga kipimwe baadaye, hasa kaskazini mwa nchi ambako ugonjwa huo umeenea kuliko kwingine; mgonjwa wa mashine huhitaji dozi kubwa kuliko mtu wa kawaida. Chanjo zenye vimelea hai, kama ile ya homa ya manjano, haziwezi kutolewa baada ya kupandikizwa, na anayekusudia kwenda India ataulizwa cheti chake mpakani. Basi jambo hilo lizungumzwe na daktari mapema, si wiki ya safari, kwa sababu chanjo ya aina hiyo inatakiwa kutangulia upasuaji kwa angalau wiki nne.

Kuhusu lini kuanza: kabla ya mashine, panapowezekana. Uchunguzi wa upandikizaji unaweza kuanza kazi ya figo inaposhuka chini ya asilimia 20 hivi, na wako watu, hasa wenye mchangiaji tayari, ambao hupandikizwa bila kupitia mashine kabisa. Kwetu wengi hufika wakiwa wamechelewa, najua. Basi kwa aliyechelewa, subirini wiki tatu au nne mpaka sumu zipungue na aanze kusikia ladha ya chakula, ndipo mfungue mazungumzo. Mada moja kwa kila kikao, dakika 15, katika saa ya pili ya mashine. Katika saa ya mwisho wengi shinikizo hushuka na misuli hukaza, na hakuna anayejifunza akiwa na mkazo wa mguu. Ukimaliza usimuulize "umeelewa?", kwa maana kila Mganda mwenye adabu atakuitikia ndiyo. Mwambie: "Ukifika nyumbani, shemeji yako akikuuliza nilichokueleza, utamwambia nini?" Atakachosema ndicho ulichofundisha. Mengine yote uliyaambia mashine.

Naongeza tahadhari moja kwa ajili ya mikutano ya familia ambayo Dada_Mchangiaji ameieleza vizuri sana. Kabla hamjatoa damu ya watu kwenda kulinganishwa, waelezeni kwamba kipimo hicho kinaonyesha pia undugu. Mzazi na mtoto wa kumzaa hulingana angalau nusu ya alama za kurithi zinazopimwa, daima. Ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kulingana kabisa kwa nafasi moja kati ya nne. Nimewahi kukaa na karatasi ya majibu mezani ambayo ilionyesha kwamba baba aliyekuwa tayari kutoa figo hakuwa baba. Kitengo kiamue kabla ya siku hiyo nani ataambiwa nini, na wanaopimwa waulizwe kabla kama wanataka kujua. Kwa upande mwingine, watulizeni wanaohofia alama ya kujumlisha na kutoa katika kundi la damu, kwa kuwa katika figo hiyo haihesabiwi.

Mfamasia_Jirani alijibu:

Nitakuwa mfupi. Fundisha majina ya dawa, si rangi za vidonge, kwa sababu kiwanda kikibadilika rangi hubadilika na mgonjwa anaweza kumeza mara mbili au kuacha. Waambie balungi lisiguswe kabisa kwa anayetumia takrolimasi, kwani hupandisha kiwango chake katika damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hufanya kinyume, inakishusha mno, na ndiyo sababu nyingine ya kutibu kifua kikuu kabla. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila duka la dawa bila swali, zinaumiza figo. Dawa za mitishamba, hata ile mululuza ambayo bibi aliitumia kwa malaria maisha yake yote, zisimezwe bila kumuuliza daktari. Na mwanamke anayetumia maikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo, asishike mimba akiwa bado anaitumia, maana inamdhuru mtoto tumboni. Uwezo wa kuzaa hurudi haraka baada ya kupandikizwa, mara nyingine kabla mtu hajaanza hata kuufikiria, hivyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla ya upasuaji na mume akiwepo.

Mzee_wa_Busia alijibu:

Daktari, nimekusoma mara mbili. Mwanangu ameongezewa damu mara tano, na hakuna hata siku moja tuliyoambiwa hayo. Je, ndiyo basi tena kwake?

Tabibu_wa_Mikojo alijibu:

Hapana, mzee, si lazima iwe hivyo. Wako walioongezewa mara nyingi bila kutengeneza kingamwili za kuzuia. Kipo kipimo cha kuzitafuta, na kipimo cha mwisho cha kuchanganya damu ya mwanao na chembe za mchangiaji ndicho kinachoamua kwa mchangiaji huyo. Mkienda kliniki, andikeni tarehe za chupa zote tano kwenye karatasi mmpe daktari, atazihitaji. Nami niseme wazi, kwa kuwa umetaka ukweli: hata figo ikipatikana, inayotoka kwa mchangiaji aliye hai hudumu kwa wastani wa miaka 15 hadi 20, na dawa zitanunuliwa miaka yote hiyo. Familia ikae ihesabu dawa za mwaka mmoja kwanza, kabla ya kuhesabu upasuaji. Nimewaona waliochangisha fedha za upasuaji kijiji kizima, kisha wakakosa za dawa mwezi wa tisa.

Muuguzi_wa_Zamu alijibu:

Nimeandika yote kwenye daftari langu la zamu. Nitaanza Jumanne, saa ya pili ya mashine, na mwalimu wangu, na nimemwomba alete yeyote anayempikia, si lazima awe mtu wa kutoa figo. Somo la kwanza litakuwa ile hesabu ya saa 168. Faili nalo nimelibadilisha: pale palipoandikwa "ameelimishwa", sasa kuna nafasi ya kuandika maneno ambayo mgonjwa mwenyewe ameyarudia. Kuhusu jerikeni, nimeongeza swali la maji katika fomu ya mchangiaji, na mkuu wa kitengo alilitazama, akacheka, kisha akatia sahihi.

Figo_ya_Tatu, kama afya inaruhusu, ungeweza kuja kuzungumza nao siku moja? Wengi wao hawajawahi kumwona mtu aliyepandikizwa akisimama kwa miguu yake.

Figo_ya_Tatu alijibu:

Nitakuja, dada. Nitavaa barakoa na nitakaa karibu na dirisha, kwa hiyo usiniwekee kiti katikati ya wanaokohoa. Nipangie siku ambayo si ya kliniki yangu, na kikao kiishe kabla ya saa mbili usiku, kwa sababu saa hiyo nina miadi na vidonge vyangu.